Mafuta ya Kondoo

Mkono wa Ngendo ulivunjika kabla ya chai ya saa nne, na chai hiyo haijapoa Viola alikuwa ameshahukumiwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Beth, jirani wa ua wa pili, alichungulia juu ya uzio wa kayaba akaona Ngendo amelala chini kando ya tangi la maji, na mke wa mwanawe amemshika mabega kwa mikono miwili. Alichoona Beth ni mikono. Kwamba mikono ile ilikuwa inainua na si kusukuma, hilo lingehitaji mtu atulie kidogo, na Beth hajawahi kutulia tangu azaliwe.

"Umemsukuma! Woi, Viola, umemsukuma mama ya watu!"

"Ameteleza! Si unaona hii maji? Kuja unisaidie!"

"Nakuja na mashahidi," Beth akasema, na kweli akaja nao.

Sasa tuseme ukweli mapema, tusisumbuane. Ngendo aliteleza. Alikanyaga simiti iliyolowa, ndara ya mguu wa kushoto ikamtoka, akanyoosha mkono ajizuie, na mkono ukakatika pale kwenye kifundo. Viola alikuwa jikoni. Alisikia kishindo akatoka mbio. Muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wakigombana juu ya uji, Ngendo akisema ni maji matupu na Viola akisema unga umeisha. Hilo nalo ni kweli. Lakini kugombana si kusukuma, na aliyelijua hilo kuliko wote ni huyo huyo aliyeanguka. Pale chini, jasho limemjaa usoni, Ngendo alimsikia Beth akipiga kelele, akafungua mdomo aseme hapana. Kisha akaufunga.

Walimpeleka kliniki ya pale barabarani, Murera. Gathogo, mwanawe wa pekee na mume wa Viola, alitoka kazini kiwanda cha nanasi, Eneo la Viwanda Thika, bila kubadilisha gambuti, akafika ananuka maji ya nanasi. Kijana aliyevaa koti jeupe aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa.

"Imevunjika mbaya, mama. Lakini mtu wa mwili kama wako haivunjiki hivi na kuteleza tu. Watu wanene mifupa yao imezoea kubeba. Kuna mtu alikusukuma?"

"Si hata daktari ameona!" Beth akadakia kutoka mlangoni.

Ngendo akatazama ukuta. "Achana na hiyo maneno. Wewe nifunge mkono."

Hakusema ndiyo, hakusema la. Murera nzima ikasikia ndiyo.

"Na siku zako, mama, zilikoma lini?"

Gathogo akajifanya anasoma bango la chanjo. Hakuna mwana anayetaka kusikia mama yake akijibu swali kama hilo.

"Bado ziko," Ngendo akasema haraka.

Bado ziko! Miaka hamsini na minne, na bado ziko! Kijana aliamini, akampaka plasta, akampa vidonge vya maumivu, akamrudisha nyumbani na uongo wake.

*

Muigai alikuja Jumapili baada ya ibada, koti bado mwilini. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Ngendo, na pia mzee wa kanisa. Madhabahuni ndiye aliyekemea mila za giza, lakini kondoo akitajwa, giza lote lilimgeukia nuru. Aliketi kiti cha marehemu, akamweka Gathogo kulia, Beth akajiweka mwenyewe kushoto, naye Viola akaachiwa kusimama.

Ngendo alikaa kwenye sofa na mkono wake mweupe umelala juu ya mto. Kashosho, binti wa Viola, alimlalia ubavuni. Mtoto huyo wa miaka minne alipewa jina la nyanya yake kama ilivyo desturi, Ngendo, na kwa sababu alikuwa shosho mdogo wote walimwita Kashosho.

"Mke wa nyumba kuinulia mama mkwe mkono ni thahu," Muigai akaanza. "Ni uchafu. Unaingia kwa watoto, unaingia mpaka kwa ng'ombe. Dawa yake ni ndurume. Kondoo dume mnene, mwenye mkia wa mafuta. Hayo mafuta yanayeyushwa, aliyevunjika anakunywa. Yanashika mfupa kuliko hiyo chokaa ya hospitali. Na aliyevunja ndiye anamnywesha kwa mikono yake, na anaomba msamaha watu wakisikia."

"Mimi sijavunja mtu, anko."

"Mtu mwenye mwili kama huyu!" Muigai akamwonyesha Ngendo kwa viganja viwili, kama anayeuza. "Mifupa iko ndani huko, imefunikwa na nyama kila upande. Avunjike na maji? Angekuwa ni wewe, sawa. Wewe hata mlango ukifungwa na nguvu unaweza kuvunjika."

Beth akacheka. Ngendo naye akacheka kidogo, kwa pua. Neno lenyewe lilikuwa lake. Tangu Viola aletwe pale akitoka Vihiga, shingo ndefu na viuno vya msichana wa shule, Ngendo alimwita kuni. Mwanamke asiye na nyama ni kuni, alisema, hata mtoto haoni pa kushika. Kashosho alipozaliwa Ngendo akanyamaza mwaka mmoja. Mtoto wa pili alipokawia, kuni ikarudi.

"Nanyi mnanidai kondoo," Viola akasema, na sauti ilikuwa imeanza kumkwaruza. "Sawa. Kwa baba yangu mmepeleka nini? Mwaka wa tano huu. Mmepeleka hata kuku? Hata manyoya ya kuku?"

Gathogo akainamia gambuti zake. Muigai akajipapasa tai, kisha akaongea taratibu.

"Ahaa. Kumbe wewe si mke wetu. Basi hakuna shida, tunafuata serikali. Tunaenda stesheni ya polisi, tunachukua P3, ile fomu ya kuumizwa. Kesi ya kupiga mama mzee. Shahidi ni huyu hapa. Utalala ndani, na mtoto atalala hapa kwa shosho wake. Hilo jina ni letu."

Viola akamtazama Ngendo. Ngendo alikuwa anamsuka Kashosho nywele kwa vidole vya mkono ule mzima, na hakuinua macho.

"Jumamosi mbili kutoka leo," Muigai akamaliza. "Na awe mnene."

*

Kwa nini Ngendo alinyamaza? Watu wengine wangesema ni roho mbaya tu, na roho mbaya haikukosekana. Lakini palikuwa na jambo jingine, na jambo hilo alikuwa amelifungia miaka kumi na sita.

Akiwa na thelathini na minane, tumbo lilimvimba na damu haikukatika. Akaenda hospitali ya mbali, peke yake. Daktari akamtoa mfuko wa uzazi na vifuko vyote viwili vya mayai, akamwambia ashukuru Mungu yuko hai. Ngendo akarudi Murera akamwambia mumewe ni apendeksi. Angesema nini kingine? Walikuwa na mtoto mmoja tu, na Muigai huyu huyu alikuwa ameshamtajia kaka yake msichana fulani wa Gatanga, mnono, wa kuja kuongeza watoto bomani. Kwa hiyo Ngendo alificha joto lililompanda usoni katikati ya ibada, akaficha usiku wa kutolala, na kila mwezi alinunua pamba ya hedhi dukani kwa Beth ili Beth aone. Mwili nao ukamnenepea. Watu wakamsifu: angalia mama Gathogo, ametulia, ana nyama, ana afya. Mumewe akafa bila kujua. Unene ukawa ndio ushahidi wake kwamba hakuna kilichopungua ndani.

Sasa aseme kwamba mifupa yake ilikatika yenyewe, mbele ya Muigai? Mbele ya kuni? Afadhali kondoo afe.

Na mambo ya aibu hayaishi kirahisi. Mtu mwenye plasta hawezi kujisugua mgongo, na Beth, pamoja na mapenzi yake yote, hakuwahi kujitolea hata kuchota maji. Aliyemwogesha Ngendo kila asubuhi ni huyo mshtakiwa.

"Sugua vizuri. Ama unaogopa nyama?"

"Nasugua, Mum."

"Mikono kama ya kuku."

Viola akasugua. Maji yakamshuka Ngendo mgongoni, na Viola akaona kwamba mgongo ule umeanza kupinda juu, pale chini ya shingo. Hakukumbuka kuuona hivyo alipoolewa.

"Mum, kwa nini hutaki kuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Unajua."

"Mimi najua kitu moja. Mama yangu alikufa na miaka tisini na hajawahi kuvunja hata kidole. Sisi ni watu wa mwili. Nikivunjika, kuna kitu ilinipata. Na aliyekuwa hapo ni nani?"

Akasema hivyo bila kupepesa. Uongo ukikaa kwa nyumba siku nyingi unaanza kupewa chakula, na Ngendo alikuwa karibu kuuamini wake. Viola akaja mbele kumwosha tumbo. Kovu lilianzia chini ya kitovu likashuka moja kwa moja, jeusi, limezama kwenye mafuta.

"Na hii, Mum?"

"Apendeksi. Leta taulo."

Kaka yake Viola alipasuliwa apendeksi. Kovu lake liko pembeni kulia, dogo kama kidole. Viola akaleta taulo.

*

Gathogo alisubiri basi la kiwanda penye lango, na Viola akamfuata hapo kwa sababu ndani ya nyumba hawakuweza tena kuongea.

"Wewe unaamini nilimsukuma?"

"Zii. Siamini."

"Basi sema! Mwambie anko."

"Viola, mathe ni mathe. Nikisema hukumsukuma, nimesema mathe ni mwongo."

"Na ukinyamaza umesema mimi ni nini?"

Basi lilikuwa linaonekana kule kwenye kona. Gathogo akatoa ushauri wa mtu anayetaka amani: "Wewe nunua tu hiyo kondoo. Ni siku moja. Unampea mafuta, unasema pole, inaisha."

"Haiishi, Gathogo. Nikisema pole mbele ya watu, mimi ndiye nilimvunja mpaka nife. Kashosho atakua akijua hivyo."

"Basi imefika," akasema, akapanda.

Viola alisuka nywele saluni moja ya Gatongora, Ruiru. Pesa alizokuwa ameweka za kukodi kiti chake mwenyewe akaziondoa, akaenda kwa Nzau, Mkamba aliyeuza mbuzi na kondoo nyuma ya maduka.

"Dada, ni ya harusi ama ya mahari?"

"Ya makosa."

"Uui! Makosa gani makubwa hivi?"

"Sijayafanya bado."

Nzau akacheka mpaka akashika magoti. Viola hakucheka. Basi Nzau akaacha utani, akamvuta dume mmoja mweusi usoni, akamwinua mkia. "Shika hapa. Hii ni mafuta tupu. Na wewe nawe kula, dada. Umeisha. Upepo wa Ruiru utakubeba."

Ni kweli alikuwa ameisha. Kila akitoka saluni jioni alikuta sufuria imekwanguliwa, Ngendo akisema, "Nilidhani umekula huko kwenu Ruiru." Mara za kwanza alipika tena. Siku hizi alikunywa chai kavu, akalala. Nguo zilimning'inia. Siku zake mwezi uliopita hazikuja, wala mwezi huu, na kwa muda mfupi sana alidhani ni mtoto. Akapima. Hakukuwa na mtoto.

*

Jumamosi Muigai aliomba kwanza kwa jina la Yesu, kisha akamchinja kondoo. Uani palijaa. Wanaume walikaa upande wa zizi, wanawake upande wa jiko, na Beth katikati, maana habari ilikuwa yake. Mkia uliyeyuka kwenye sufuria polepole, harufu ikapanda mpaka kwa majirani ambao hawakualikwa, nao wakajialika.

"Mafuta yako tayari," Muigai akasema. "Mama Gathogo akae. Wewe leta bakuli."

Ngendo alikuwa amevaa gauni la kitenge la Krismasi na mkono umening'inizwa kwa leso. Alijua anatazamwa, akatembea kama mtu anayeenda kutuzwa. Walimwekea kiti cha plastiki katikati ya uwanja. Alikifikia, akageuka, na akajiachilia kukaa kwa uzito wake wote, kama alivyokaa maisha yake yote.

Kiti hakikuvunjika. Kiti kilisimama imara. Kilichoachia ni mgongo wa Ngendo.

Alipiga kelele mpaka mbwa wakakimbia. Akainama upande, macho yamemtoka, akishika hewa kwa mkono ule mzima. Na maneno yaliyomtoka, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu na mdomo siku zote hizo, yalikuwa haya:

"Viola! Viola amenisukuma!"

Watu wote wakageuka kumtafuta Viola. Alikuwa mlangoni mwa jiko, uwanja mzima mbali naye, mikono yote miwili imeshika bakuli la mafuta ya moto kwa ncha za kanga.

Muigai alikuwa na kisu cha kugawia nyama, akakitazama kana kwamba kingemjibia. Beth alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakikutoka kitu.

Viola akaliweka bakuli chini, taratibu, lisimwagike. Mbwa mmoja akarudi akaanza kulizunguka, na hakuna aliyemfukuza.

"Gathogo," akasema, "leta gari. Msimwinue na mabega. Leteni mlango tumlaze juu yake."

*

Daktari wa hospitali ya Thika aliitwa Kavata, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyekwishachoka na uongo wa wagonjwa. Alisimama kando ya kitanda na picha mkononi. Gathogo alikuwa upande mmoja, Viola upande mwingine. Muigai alibaki nyuma ya pazia la kijani; alisema si vizuri mwanaume kumwona shemeji amelala, lakini hakwenda mbali kiasi cha kukosa kusikia. Beth alikuwa amebaki Murera akigawa supu.

"Pingili moja ya uti imejikunja," Kavata akasema. "Na hii nyingine ya juu iliwahi kujikunja zamani, hakujua. Mkono nao majuzi. Mama, hii mifupa yako ni kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi. Nje gunzi limejaa, ukishika punje ni unga."

"Lakini daktari," Gathogo akasema, "mathe ana mwili."

"Mwili ni nyama na mafuta. Mfupa ni kitu kingine. Sikatai, mafuta hutengeneza homoni kidogo, na uzito huupa mfupa kazi. Ndiyo maana watu hudhani mnene yuko salama. Lakini mlinzi mkubwa wa mfupa wa mwanamke ni ile homoni inayotoka kwenye vifuko vya mayai. Ikikatika mapema, mafuta ya tumbo hayawezi kuziba hilo pengo. Mifupa inaliwa kimyakimya miaka na miaka. Ndiyo nauliza. Mama, siku zako zilikoma lini?"

"Bado ziko," Ngendo akasema kwa meno.

"Na hili kovu?"

"Apendeksi."

"Apendeksi haipasuliwi katikati, mama. Mimi si polisi. Lakini dawa nitakayokupa, na hatari yake, inategemea hilo jibu. Ukinidanganya, unajidanganya mwenyewe." Akangoja. Ngendo akafumba macho. Kavata akageukia upande wa pili wa kitanda, akamkagua Viola kutoka juu hadi chini. "Na wewe? Wewe siku zako ziko?"

Viola akashtuka. "Miezi miwili hazijakuja. Na si mimba."

"Unakula?"

Viola akamtazama Ngendo. Ngendo alikuwa amefumbua jicho moja.

"Mwili ukikosa chakula unafunga duka," Kavata akasema. "Unaanza na uzazi, unaendelea na mifupa. Utapata wapi mtoto ukiwa na njaa? Na ukiendelea hivi utalala kitanda kama hiki. Jumatatu uje unione. Na ule." Akamwambia Gathogo wafuatane kuchukua dawa, akatoka. Gathogo alitembea nyuma yake bila kuinua kichwa, akasimama karibu na Muigai nje ya pazia, akashindwa kuendelea.

Nesi alikuwa amemwonyesha Viola namna ya kumgeuza: mabega na nyonga kwa pamoja, kama gogo, mgongo usijipinde. Mtu mmoja mwenye mikono tulivu anaweza. Kisha nesi akaenda, maana wodi ilikuwa imejaa.

Haikupita muda Ngendo akaanza kuhema.

"Viola."

"Naam."

"Nimebanwa. Leta hiyo kitu. Haraka."

Viola akachukua kile chombo cha kujisaidia chini ya kitanda. Akakishika kifuani kama alivyokuwa ameshika bakuli. Hakusogea.

"Nigeuze, si uko hapo?"

"Sema kwanza."

"Niseme nini? Viola, itanitoka! Kuna watu!"

"Ndiyo, kuna watu. Ndiyo nataka useme. Nani alikuvunja mkono?"

"Wewe ni shetani. Nilimwambia Gathogo. Gathogo!"

Nje ya pazia miguu miwili ya gambuti ilionekana. Haikusogea.

"Mimi nimekuogesha kila siku," Viola akasema. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. "Nimekupaka mafuta miguu. Nimenunua kondoo na pesa ya kiti changu. Mtoto wangu mmesema mtamchukua. Mimi ni kuni, sawa. Kuni haina haraka. Nani alikuvunja mkono?"

"Hakuna."

"Sauti."

"Hakuna mtu!" Ngendo akapiga kelele, na maumivu yakampiga mgongoni yakamtoa yote yaliyobaki, nayo yakatoka yakielekea kule pazia. "Nilianguka! Nilianguka mimi, na maji! Mmesikia? Muigai, umesikia? Si apendeksi! Walinitoa vyote, nikiwa na thelathini na minane, na wewe ulikuwa umeshatafutia ndugu yako kasichana! Miaka kumi na sita nanunua pamba ya bure! Sina kitu ndani! Nimekaa nikiita mtoto wa watu kuni, na kuni ni mimi!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuza uso ukutani kwa heshima. Nyuma ya pazia mtu akakohoa kikohozi cha mzee wa kanisa.

Viola akaweka mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga. "Pumua," akasema. "Moja kwa moja. Usijisaidie na mkono." Akamgeuza kama gogo, mzima mzima, bila kumpinda, akamtegea chombo, akamshikilia hapo mwili wake mwembamba ukiwa umekaza kila mshipa. Ngendo akalia huku akijisaidia, na Viola hakumwambia anyamaze.

Alipomrudisha, alimfunika mpaka kifuani, akachukua chombo akafungua pazia. Muigai na Gathogo walikuwa wamesimama pale wakitazama sakafu. Gathogo akanyoosha mikono akipokee. Viola akampa. Kisha akamgeukia mzee.

"Anko, umesikia?"

"Nimesikia."

"Nilishtakiwa bure mbele ya watu. Kwa desturi yenu hiyo inalipwa na nini?"

Muigai akajipapasa mahali ambapo tai ingekuwa. "Tutakaa chini tuangalie hiyo maneno..."

"Kondoo," Viola akasema. "Mtaniletea kwetu Vihiga, kwa baba yangu, na watu wakiona. Na mje mkitembea na yeye. Mimi kondoo wangu namtaka hai."

Akapita katikati yao akaenda kutafuta mahali panapouzwa chakula.